A ya uraia wa kidijitali mkononi, siku 11 baadaye kasambaza ufadhili feki. Tunafundisha nini?

#1 Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, habari. Nafundisha kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza chuo kikuu. Jina lake kwenye mtaala ni refu kama treni, ila kwa kifupi ni uraia wa kidijitali: usalama wa akaunti, faragha, hakimiliki, kukagua taarifa, adabu za mtandaoni. Huu ni muhula wangu wa sita nayo.

Mtihani uliopita ulikuwa na swali: eleza hatua utakazochukua kabla ya kusambaza taarifa uliyotumiwa. Binti mmoja alijaza kurasa mbili safi. Hatua zote kwa mpangilio, mifano, hadi kuangalia alama ya kufuli kwenye kivinjari. Nikampa alama zote.

Siku 11 baadaye, saa sita na dakika nne usiku, binti huyohuyo akatupia kwenye grupu la darasa tangazo la ufadhili wa masomo. Jaza jina, namba ya kitambulisho, picha ya kitambulisho mbele na nyuma, kisha tuma kwa watu 20 ndipo fomu "ifunguke". Hadi asubuhi wenzake 9 walikuwa wameshamshukuru. Wote wamepita kwenye kozi yangu.

Skrinshoti hiyo hapo chini, majina nimeyafuta.

Kwamba ufadhili ni feki nalijua, msinieleze. Ninachouliza ni hiki: yale aliyoyaandika kwenye mtihani yalikuwa wapi saa sita usiku?

#2 Kalamu Butu

Yalikwenda kunakokwenda kila kitu baada ya mtihani. Tunadesa, tunamwaga, tunasahau. Next.

#3 Fundi Seva

Ngoja kwanza mkuu. Hiyo alama ya kufuli uliipa maksi ngapi?

Kufuli linakwambia kitu kimoja tu: mazungumzo kati ya simu yako na ile tovuti yamefichwa, mtu wa katikati hasomi. Halikwambii unayezungumza naye ni nani. Tapeli anapata kufuli bure, kwa dakika chache. Chrome waliiondoa ile alama mwaka 2023 kwa sababu hiyohiyo, watu walidhani ni muhuri wa uaminifu.

#4 Chaki Nyeupe

Maksi mbili. Slaidi ile niliirithi kwa mwenzangu, sijawahi kuigusa. Naibadilisha leo.

#5 Binti Maktaba

Mimi ni mkutubi, na kufuli si peke yake. Tumewazoesha watu kukaa kwenye ukurasa na kuukagua kama daktari anavyokagua ulimi. Kuna kipimo maarufu cha herufi tano, CRAAP, alichokitunga mkutubi mwenzetu Sarah Blakeslee wa chuo kikuu cha jimbo la California kule Chico, mwaka 2004. Unauliza upya wa taarifa, inahusianaje na unachotafuta, mwandishi ana mamlaka gani, usahihi, na nia. Nimekifundisha miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba tapeli naye anakifaulu. Tarehe ya jana anayo, nembo anayo, ukurasa wa "kuhusu sisi" anao, tena umeandikwa vizuri kuliko wa chuo chetu.

Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa watu 45 kazi ya kukagua tovuti: wanahistoria 10 wenye PhD, wakaguzi wa habari 10 na wanafunzi 25 wa Stanford. Matokeo yalitoka 2017. Wanahistoria, watu wanaokula kwa kuchambua nyaraka, nao mara nyingi walibabaishwa na nembo na majina yenye sauti ya kitaasisi. Wakaguzi wa habari wao waliondoka. Anafungua ukurasa, anatupa jicho, halafu anafungua vichupo vipya kuuliza wengine wanasemaje kuhusu huyu. Jaribio mojawapo lilihusu vyama viwili vya madaktari wa watoto vya Marekani vyenye majina yanayofanana. Kimoja cha tangu 1930, wanachama makumi ya maelfu. Kingine kilijitenga 2002 na ni kidogo sana. Tovuti zote mbili zinavutia. Aliyebaki ndani kuzisoma kwa makini ndiye aliyepotea.

Sasa mkuu, swali lako la mtihani lilimtaka binti abaki ndani au atoke?

#6 Chaki Nyeupe

Abaki ndani. Nimeelewa unakonipeleka.

#7 Mwaka wa Pili

Naomba kuongea kwa niaba ya wanaosemwa. Hiyo ya kufungua vichupo inawezekana kwenye kompyuta ya maktaba. Mimi nipo kitandani, simu ina chaji asilimia 8, linki inafunguka ndani ya apu ileile. Kutoka nje ni safari.

Halafu kuna hili. Aliyetuma ndiye aliyeongoza darasa kwenye kozi hiyohiyo. Mimi wa C nianze kumkagua mwenye A?

#8 Ngedere Mtandaoni

Kwa hiyo ile A ndiyo iliyousafirisha utapeli. Mkuu Chaki, kozi yako inafanya kazi, ila kwa upande wa pili.

#9 Jirani wa Freud

Nafundisha saikolojia. Nampinga Kalamu Butu #2, na kidogo Binti Maktaba. Mnachukulia kwamba mtu anasambaza kwa kutojua. Watafiti Pennycook na Rand na wenzao, kwenye jarida la Nature mwaka 2021, waliwatumia watumiaji wa Twitter zaidi ya 5,000 ujumbe mmoja tu wa kuwaomba wapime ukweli wa kichwa kimoja cha habari. Hakuna somo, hakuna slaidi. Baada ya hapo ubora wa vyanzo walivyosambaza ulipanda. Si sana, ila ulipanda. Maana yake ujuzi walikuwa nao, ila hakuna aliyekuwa ameugusa begani.

Saa sita usiku binti hakusahau hatua zako. Hazikuitwa.

#10 Fundi Seva

Na nani anaamua kipi kiitwe? Aliyechora kitufe. WhatsApp waliweka kikomo cha kufowadi kwa watu au magrupu 5 duniani kote Januari 2019. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukabanwa hadi mtu au grupu moja kwa wakati. Kampuni yenyewe ilisema ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa 70%. Hakuna aliyepewa kozi wala krediti, ni mkono mmoja tu umebadilisha namba kwenye msimbo wa programu.

Mnalaumu abiria, barabara ina shimo.

#11 Sheria Kidogo

Fundi, hiyo namba ni ya kampuni kuhusu bidhaa yake, iweke kwenye mizani. Na huyo mkono uliopunguza kesho unaweza kuongeza. Raia anayetegemea mwenye kiwanja amwekee mipaka si raia, ni mpangaji.

#12 Kalamu Butu

Mpangaji asiye na mkataba 😂

#13 Hoja ya Zamani

Nyie mnahangaika bure. Samaki mkunje angali mbichi. Chuo kikuu mtu ana miaka 20, tabia imeshakauka. Lifundishwe shule ya msingi. Na hawa ndio mnaowaita wazawa wa kidijitali, neno la tangu miaka ya themanini, eti wamezaliwa wanajua.

#14 Binti Maktaba

Mzee wangu, neno hilo alilieneza Marc Prensky mwaka 2001, si themanini. Na watafiti wengi wamelikosoa tangu hapo. Kuzaliwa simu ikiwa mezani kunakupa kidole chepesi, basi.

Kuhusu samaki: anapofika chuo ndipo anapoingia magrupu ya watu 300, anapoanza kuandika tasnifu, kukusanya data za watu wengine, kuomba kazi. Mambo hayo hakuwa nayo darasa la tano. Utamkunjia nini?

#15 Jicho la Tatu

Samahani kuwakatisha. Mkuu Chaki, ile skrinshoti ya #1 umefuta kwa kalamu ya kuhailaiti ya simu. Nimeipakua, nimeongeza mwanga na kupunguza kivuli, namba ya simu ya binti inasomeka yote isipokuwa tarakimu ya mwisho. Jina la aliyeshukuru wa tatu linasomeka pia. Na pale juu kabisa kuna kijisanduku cha ujumbe uliokuwa unaingia, una jina la mtu na neno "mkopo".

Iondoe sasa hivi, tutaendelea baadaye.

#16 Ngedere Mtandaoni

Hahahaha. Mganga hajigangi.

#17 Kalamu Butu

Nyani haoni nanihii.

#18 Chaki Nyeupe

Nimeiondoa. Imekaa hewani saa tano na nusu. Nimempigia binti na yule wa tatu kuwaomba radhi, wa tatu hakupokea, nimemwandikia.

Sina utetezi. Faragha ya wengine ni mada yangu ya wiki ya nne, naifundisha nikiwa nimesimama. Nilikuwa na dakika saba kabla ya kipindi, nikataka uzi uende hewani niukute umechangamka nikitoka.

#19 Jirani wa Freud

Mkuu, umejijibu swali lako la #1. Dakika saba zako na saa sita usiku yake ni kitu kimoja.

#20 Binti Maktaba

Sikubali. Mkuu Chaki hakusahau kuficha, alificha! Kachukua kalamu, kapitisha juu ya kila jina. Tatizo hakujua kwamba wino wa kalamu ile unapitisha mwanga. Hiyo si haraka, ni pengo la ufundi. Angekuwa na siku nzima angefuta vilevile kwa kalamu ileile.

#21 Chaki Nyeupe

Inaniuma, ila #20 kasema kweli. Nilidhani giza ni giza.

#22 Fundi Seva

Kwa faida ya wote: weka sanduku jeusi tii lisilopitisha kitu, hifadhi kama picha mpya, ufute ya zamani. Kukata kingo peke yake msikuamini sana. Machi 2023 iligundulika kwamba kifaa cha kuhariri picha kwenye simu za Pixel kilikuwa kinaacha sehemu iliyokatwa ndani ya faili, mtu akairudisha. Dosari hiyo ilidumu miaka. Ukishaficha, piga skrinshoti ya ile picha iliyofichwa, tuma hiyo.

#23 Sheria Kidogo

Mkuu Chaki umeomba radhi ndani ya saa sita, wengi hawafanyi. Ila tusimsulubu mtu mmoja. Chuo nilichosoma kilibandika matokeo ukutani, baadaye wakaleta "maboresho": wakayaweka kwenye PDF mtandaoni, jina, namba ya usajili, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, na safu ya mwisho inayosema nani anadaiwa ada. PDF ile ilikuwa inatafutika. Mwajiri wangu wa kwanza alijua nilipata sapu kabla sijafungua mdomo.

Tulipolalamika wakafuta majina tu. Mtafiti Latanya Sweeney alionyesha mwaka 2000 kwamba ukiwa na tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta, unaweza kumbainisha karibu 87% ya watu wa Marekani bila jina lolote. Sasa darasa la watu 60 si unamaliza kwa vidole?

Mwanafunzi anasoma kozi ya faragha ndani ya jengo ambalo ukuta wake unamwambia faragha ni porojo. Ataamini kozi au ukuta?

#24 Fundi Seva

Ongeza na hili. Mfumo wa wanafunzi mahali nilipofanya kazi ulilazimisha kubadili nywila kila siku 30. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishashauri mwaka 2017 kuacha mtindo huo, mtu abadilishe pale tu kunapokuwa na dalili ya kuvuja. Matokeo ya siku 30: jina la mpenzi, likafuatiwa na 1, mwezi ujao 2, mwezi ujao 3. Nilikuwa naweza kukisia miaka ya uhusiano wa mtu kwa namba ya nywila.

#25 Ngedere Mtandaoni

Na wakiachana?

#26 Fundi Seva

Mfumo unakataa nywila mpya, unamrudishia ya zamani.

#27 Kalamu Butu

Vyuo vikuu na data mbona ni tangu zamani. Si Chuo Kikuu cha Cambridge ndicho kilichouza data za watu milioni 87?

#28 Sheria Kidogo

Hapana Kalamu. Cambridge Analytica, ile ya kampeni za siasa iliyotumia data za watu wa Facebook, ilikuwa kampuni, si chuo. Watu huchanganya kwa sababu ya jina, na kwa sababu aliyetengeneza ile apu ya maswali ya haiba, Aleksandr Kogan, alikuwa mhadhiri wa chuo kile. Data aliipeleka kupitia kampuni yake.

Mimi hesabu ya kashfa ile ndiyo ninayoanza nayo darasani. Waliojaza maswali walikuwa kama 270,000. Milioni 87 ni makadirio ya juu ya Facebook wenyewe, mwaka 2018, ya walioguswa, wengi wao wakiwa marafiki wa waliojaza. Gawanya. Kila aliyebofya "nakubali" aliwabeba zaidi ya watu 300 ambao hawakuulizwa. Darasa huwa kimya hapo. Hadi dakika hiyo walidhani faragha ni mali binafsi, kama mswaki.

#29 Mhadhiri Msumbufu

Mnabishana mambo yaliyopita. Siku hizi ninachosahihisha ni akili mnemba mwanzo mwisho. Uraia wa kidijitali ni usiibe kazi ya mashine. Nina programu ya kugundua, inakamata karibu zote. Nikikukamata ni sifuri, mjadala umefungwa.

#30 Ngedere Mtandaoni

Akili mnemba au akili unde? Tukubaliane kwanza.

#31 Kalamu Butu

Kuna na akili bandia. Majina matatu na hakuna anayejua insha kaandika nani.

#32 Binti Maktaba

Mhadhiri #29, hiyo "karibu zote" umeitoa wapi? OpenAI, hao waliotengeneza ChatGPT, walitoa kigunduzi chao Januari 2023. Kwa takwimu zao wenyewe kilitambua 26% tu ya maandishi ya mashine, na 9% ya maandishi ya binadamu kikayaita ya mashine. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa usahihi mdogo. Watafiti wa Stanford nao wakavijaribu vigunduzi 7 kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, yaani za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa za mashine.

Programu zimebadilika tangu hapo, sikatai. Ila ukimpa mtu sifuri kwa neno la programu ambayo hujaikagua, wewe na binti wa saa sita usiku mna tofauti gani? Na yeye aliamini kilichokuja kwenye skrini.

#33 Mwaka wa Pili

Asante sana dada. Rafiki yangu aliitwa ofisini kwa sababu hii. Akaambiwa athibitishe kwamba ameandika mwenyewe. Kilichomwokoa ni historia ya faili, inaonyesha siku nne za kuandika na kufuta, na aya moja aliyoifuta mara sita. Mhadhiri akaisoma ile aya akacheka, ikaisha.

Tangu hapo wote tunaandika kwenye hati inayotunza historia. Hilo hatukufundishwa na kozi, tulifundishwa na hofu.

#34 Sheria Kidogo

Mhadhiri hajakosea kila kitu. Juni 2023 mawakili wawili New York, pamoja na kampuni yao, walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwapo, ChatGPT ilizitunga. Mmoja alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka 30. Na alishtuka, akajaribu kukagua! Aliiuliza ChatGPT yenyewe kama kesi ni za kweli, ikamjibu ndiyo.

Rudini kwa #5. Alibaki ndani ya ukurasa.

#35 Mhadhiri Msumbufu

Nimesoma. Ya sifuri nitaitazama upya, ila msinitake nifurahi.

#36 Sindano na Bandeji

Nafundisha uuguzi, nimefuata uzi tangu asubuhi. Sisi hatuna kozi ya uraia wa kidijitali na sitaki iletwe. Wiki ya pili ya mafunzo wodini huwa nawaonyesha picha moja, ambayo imefichwa vizuri (Mkuu Chaki usinune). Wanafunzi watatu, sare mpya, wanacheka. Hakuna mgonjwa. Nawauliza, kosa liko wapi? Wanaangalia nyuso, viatu, glavu. Inachukua muda mtu kuinua kidole kwenye ubao mweupe nyuma yao: namba za vitanda, majina, na dawa mbele ya kila jina. Mwenye kujua dawa anajua ugonjwa.

Baada ya hapo mwanafunzi wangu hapigi picha bila kugeuka nyuma. Linakaa kwa sababu limefungwa kwenye kazi yake. Likipelekwa kwenye kozi ya jumla linakuwa "linda faragha", na hakuna anayejua faragha ina sura gani.

#37 Wikipedia Mchana

Naungana na Sindano. Mimi ni wa isimu. Asaimenti yangu ni kuandika makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu 2003. Mwanafunzi mmoja, kichwa kweli, alibandika aya nzima kutoka kitabu. Ikafutwa muda si mrefu, na mtu asiyemjua akamwachia ujumbe wa upole kuhusu hakimiliki. Alikasirika, akarudi, akaandika kwa maneno yake, akaulizwa chanzo, akatafuta chanzo. Mimi nilikuwa nimekaa tu. Miaka yote niliyopigia kelele suala la kunukuu vyanzo haikufanya alichokifanya mgeni yule kwa mistari mitatu.

#38 Chaki Nyeupe

Mnachosema ni kizuri na nakionea wivu, lakini nilikuwa kwenye kamati iliyojadili hilo. Mwaka uliotangulia kozi, uamuzi ulikuwa "kila idara iingize kwenye masomo yake". Tulipoitisha ripoti, idara mbili zilikuwa na kitu. Nyingine zilinakili sentensi moja kwenye mtaala na kuendelea na maisha. Likiwa la wote, siku ya ratiba halina mwenyewe. Kozi yangu ni mbovu ila ina chumba, ina saa na ina mtu wa kulaumiwa.

#39 Sindano na Bandeji

Hapo umenishika. Mimi nikihama sijui nani ataonyesha ile picha.

#40 Hoja ya Zamani

Basi mtihani uwe wa vitendo. Watumieni linki ya uongo bila kuwaambia, atakayebonyeza kafeli. Kwisha.

#41 Jirani wa Freud

Mzee, yupo atakayebonyeza kwa sababu kweli ana shida ya ada, na siku hiyo utamfelisha kwa umaskini wake. Halafu kesho utume tangazo la kweli la ufadhili, hakuna atakayelifungua. Kumfanya mtu asiamini chochote ni rahisi. Kazi ni kumfanya aamini kinachostahili.

#42 Hoja ya Zamani

Kwa hiyo tusiwapime kabisa?

#43 Binti Maktaba

Wapimwe wakijua, lakini laivu. Mpe linki tatu, dakika kumi, kivinjari kiko wazi, arekodi skrini. Unasahihisha njia aliyopita, siyo insha. Nimefanya na kundi la watu 14. Kwa 200 sijui nani atazitazama rekodi zote hizo, na hapo ndipo ninapokwama.

#44 Chaki Nyeupe

Nimerudi. Binti amekuja ofisini mwenyewe kuhusu ile skrinshoti. Hakunifokea, bora angenifokea. Nikamwomba ruhusa niandike hapa alichoniambia, akakubali bila jina.

Nilimuuliza saa sita usiku ilikuwaje. Akasema: "Mwalimu, nilijua ina walakini. Sikujaza hata mimi. Lakini nikawaza, ikiwa ya kweli na sijawatumia, nitakuwa nimewanyima wenzangu. Nikaona niitume, kila mtu ataamua mwenyewe."

Hajajaza, ila kaituma. Nimekaa na hilo tangu mchana. Hakusahau, hakuwa na haraka, hakubabaishwa na nembo. Alikuwa mkarimu.

#45 Jirani wa Freud

Hapo nadharia yangu ya #9 inachechemea. Alijiuliza kama ni kweli, akatuma hata hivyo.

#46 Fundi Seva

Yangu imesimama. Wangemtaka atume mmoja mmoja kwa mkono, ukarimu ungechoka kwenye mtu wa nne.

#47 Mwaka wa Pili

Mimi namwelewa kabisa. Grupu letu ukiwa na taarifa ukakaa nayo, unaitwa mchoyo hadi mwaka wa mwisho. Ukituma ya uongo unasema "nilifowadi kama nilivyopokea" na watu wanacheka. Adhabu ya kunyamaza ni kubwa kuliko ya kukosea.

#48 Sheria Kidogo

Lakini wale 9 walioshukuru, kuna aliyejaza? Hilo ndilo swali la kuuliza leo, si kesho. Picha ya kitambulisho mbele na nyuma ikishaondoka hairudi. Waarifu chuo, waarifu benki, wakae macho na simu za "tunahakiki maombi yako".

#49 Chaki Nyeupe

Wawili wamejaza. Niko nao sasa hivi hapa mezani, tunapiga simu. Nitarudi baadaye.

#50 Mpita Njia 77

Wakuu salaam, nimechelewa, sijasoma kurasa zote. Ile skrinshoti ya #1 mbona haifunguki? Mwenye nayo aniwekee inbox.

#51 Kalamu Butu

Ninayo, niliisevu mapema. Nakutumia.

#52 Jicho la Tatu

Kalamu.